Mafundisho ya Wasichana Nje ya Darasa

Wazazi wengi wampelekapo binti yao katika shule ya bweni hufanya hesabu ya ada, sare, godoro, sanduku na nauli, kisha hungoja jambo moja tu, yaani cheti. Hata siku ya kuzuru shule ikiwadia, baba hufika na kumkuta mwanawe yu bustanini na jembe mkononi, au yu jukwaani amejifanya mfalme katika mchezo, au hayupo kabisa, amekwenda na wenziwe hospitalini kuwatazama wagonjwa. Hapo baba hununa. Husema moyoni mwake, na pengine kwa kinywa, "Je, nimeuza ng'ombe ili mtoto akacheze? Na jembe, si lipo nyumbani?"

Swali hili si la ujinga, na wenye shule hawafanyi vema walipuuzapo. Mtu atoaye fedha yake ana haki ya kuelezwa inakokwenda. Kwa hiyo nataka kueleza hapa maana ya mafundisho yapatikanayo nje ya darasa, hasa katika shule za wasichana za Wakatoliki, ambazo tangu zamani zimeyashika sana. Lakini maneno ya jumla hayamshibishi mtu. Afadhali nieleze habari za shule moja iliyo mbali, katika Bara Hindi, kisha nirudi karibu, mpaka Limuru katika nchi ya Kenya, kwa kuwa shule hizo mbili ni za watawa wa shirika moja.

Shirika hilo ni la masista wa Loreto. Asili yake ni mwanamke Mwingereza, jina lake Mary Ward, aliyezaliwa mwaka wa 1585. Mwaka wa 1609 alianza na wenzake katika mji wa Saint-Omer, akitaka wanawake watawa wawafundishe wasichana na kutembea katikati ya watu, wasifungiwe ndani ya kuta za konventi kama ilivyokuwa desturi ya siku zile. Jambo hilo likaonekana geni na la hatari. Mwaka wa 1631 Papa Urban VIII alilivunja shirika, na Mary Ward mwenyewe akafungwa kwa muda katika mji wa Munich. Baadaye kazi yake ilifufuka, na katika miaka ya 1820 Teresa Ball alianzisha tawi la Ireland karibu na Dublin. Na kutoka huko masista walisafiri mpaka Calcutta, wakafika mwishoni mwa mwaka wa 1841, na mpaka Kenya mwaka wa 1921. Nimeyataja haya kwa sababu moja tu: shirika lenyewe lilizaliwa katika ugomvi juu ya ukuta, kwamba mwanamke aliyefundishwa aweza kutoka nje yake au haifai. Basi si ajabu kwamba katika shule zao swali hilo halijakwisha.

Calcutta, mji ambao tangu mwaka wa 2001 huitwa Kolkata, una kituo cha gari la moshi kiitwacho Sealdah, nacho ni kimoja cha vituo vyenye watu wengi kabisa katika Bara Hindi. Treni za mashambani humwaga hapo makundi ya watu tangu alfajiri: wachuuzi wa mboga, vibarua, watumishi wa nyumbani, na watu waliokimbia njaa au madeni vijijini kwao. Wengine hawana pa kwenda, hulala pale pale au kandokando ya njia, na watoto wao hukua hapo wakiokota karatasi na vyuma vya kuuza. Karibu na kituo hicho ipo shule ya wasichana ya Loreto, iliyoanzishwa mwaka wa 1857. Kwa miaka mingi ilikuwa shule njema kama shule nyingine njema. Wasichana wa watu wenye uwezo waliingia langoni asubuhi wakiwa wamevaa sare safi, wakatoka jioni, na katika kuingia na kutoka waliwapita watoto wa rika lao waliokuwa wamekaa vumbini. Hakuna aliyewakataza kutazama, wala hakuna aliyewaambia watazame.

Mwaka wa 1979 shule hiyo ilipata mkuu mpya, Sista Cyril Mooney, mtu wa Ireland, aliyekaa katika kazi hiyo mpaka mwaka wa 2011. Alikuta wasichana wachache tu wasomao bila kulipa ada. Akaanza kuwaongeza mwaka kwa mwaka, hata baada ya miaka ishirini karibu nusu ya wanafunzi hawakulipa kitu, na ada ya wale waliokuwa na uwezo iliwabeba wenzao pamoja na misaada ya watu. Hilo peke yake lingetosha kusifiwa, lakini silo nitakalo kulieleza. Jambo nitakalo ni lile alilowatendea wale waliolipa.

Kwanza, wasichana wakubwa walianza kwenda shule za vijijini nje ya mji, siku iliyowekwa katika kila juma, kuwafundisha watoto wadogo wa huko. Shule hizo zilikuwa na mwalimu mmoja au wawili kwa watoto wengi, na walimu wetu wa mashambani hawana haja ya kuelezwa maana yake. Msichana wa mjini alikaa chini na kundi dogo la watoto, akawafundisha kusoma, hesabu, au nyimbo na michezo ya kufumbua akili. Kisha, mwaka wa 1985, lango la shule yenyewe likafunguliwa kwa watoto wa njiani. Sehemu hiyo ya shule iliitwa Upinde wa Mvua. Mtoto alikuja kwa saa aliyoipata, kwa maana wengi walikuwa na kazi ya kutafuta chakula chao, hakuambiwa, "Umechelewa, rudi." Alipofika alikutanishwa na msichana mmoja wa shule, wakakaa wawili wawili na kitabu au vijiti vya kuhesabia. Alipokuwa amejua vya kutosha alitafutiwa nafasi katika darasa la kawaida lifaalo umri wake. Baadaye wasichana kadhaa waliokosa pa kulala salama walipewa malazi shuleni hapo hapo.

Sasa mzazi atauliza: hawa wasichana wa shule, walio na mitihani yao, walipata wapi saa za kufundisha watoto wa watu? Jibu lake ndilo ufunguo wa mambo yote, nami naomba walimu walisome polepole. Saa hizo hazikuibwa katika hesabu wala katika sayansi, wala hazikuachwa kwa jioni msichana akiwa amechoka. Katika mafundisho ya Bara Hindi yapo masomo ya kazi, ambayo kila mwanafunzi hupewa saa zake katika ratiba, na ambayo kwa kawaida hujazwa kushona, kufuma na kutengeneza vikapu. Sista Cyril alizichukua saa hizo akazitia kazi ya kufundisha. Basi kila darasa lilikuwa na zamu yake, na zamu ilijulikana kama kengele ijulikanavyo. Walimu wengi wa kwetu hufanya kinyume: jambo la nje ya darasa huliweka mwisho wa siku na mwisho wa juma, kisha wakishangaa kwamba limekufa husema wasichana hawana moyo.

Lakini ni nini alichopata yule aliyefundisha? Hapa ndipo watu wengi hukosea. Husema amejifunza huruma, na neno hilo likisha kusemwa kila mtu hutikisa kichwa akaenda zake. Huruma ni njema, lakini tutazame hesabu.

Mfikirie msichana wa miaka kumi na mitatu ambaye juma lililopita alipata alama zote katika hesabu za sehemu. Mbele yake ameketi mtoto wa miaka tisa auzaye karatasi kuukuu kwa kilo. Mtoto huyu hajapata kuona nusu ikiandikwa kwa tarakimu, lakini mwambie bei ya kilo, umwulize bei ya kilo na nusu, atakujibu kabla hujafunga kinywa, kwa kuwa asipojua atapunjwa. Msichana anachora mstari, anaandika moja juu na mbili chini. Mtoto anamtazama. Msichana anarudia maneno ya mwalimu wake kama alivyoyakariri, na mtoto bado anamtazama. Sasa afanye nini? Alama zote alizozipata hazimsaidii. Inampasa aanze kutafuta ndani ya jambo lenyewe: kwa nini mbili iko chini? Mstari huu maana yake nini? Pengine ataivunja biskuti, pengine ataikunja karatasi, na katika kuikunja atagundua kwamba yeye mwenyewe alikuwa akiijua njia tu, maana yake hakuijua. Kila mwalimu amepatwa na jambo hili katika mwaka wake wa kwanza wa kazi, ijapokuwa si kila mwalimu hulisema. Msichana wa Sealdah alilipata akiwa bado mwanafunzi, kesho yake akarudi darasani na swali la kweli la kumwuliza mwalimu wake.

Tena alijifunza kwamba mjinga si yule asiyejua kusoma. Yule mtoto wa karatasi alimshinda hesabu ya bei. Somo hilo haliwezi kuandikwa ubaoni. Ukiliandika, wasichana watalinakili kwa mwandiko mzuri na kubaki vile vile.

Kazi nyingine ya wasichana hao ilikuwa ngumu kuliko zote. Katika miji ya Bara Hindi, kama katika miji yetu, wamo watoto wafanyao kazi katika nyumba za watu, waliotolewa vijijini kwa ahadi ya shule na nguo, nao hawaonekani, kwa maana kazi yao iko nyuma ya mlango. Wanafunzi wa Sealdah waliwatafuta watoto hao katika mitaa, wakafanya urafiki nao, wakaandika habari zao, na walipoweza wakazungumza na wenye nyumba ili mtoto apewe nafasi ya kucheza au kusoma. Mtu mzima akibisha hodi kwa kazi kama hiyo atafungiwa mlango. Msichana wa sare aliyekuja kumwomba mwenziwe watoke wakacheze ni vigumu kumfukuza. Nasema ngumu, kwa sababu bila shaka wako wasichana ambao nyumbani kwao wenyewe alikuwamo mtoto wa namna hiyo akiosha vyombo.

Wasomaji walio wazazi watakuwa wamekwisha kuona hofu tatu, nami sitazificha. Ya kwanza ni mitihani. Saa za kufundisha hazikutoka katika masomo ya mtihani, na ajifunzaye ili akafundishe husoma kwa namna nyingine kuliko ajifunzaye ili asahau. Mengine yote ni juu ya mwalimu. Ya pili ni maradhi na uchafu. Chawa wapo, na sabuni ipo. Ya tatu hofu ya kweli, nayo ni usalama wa msichana atokaye nje ya lango. Hiyo nitairudia mwisho, kwa maana haifai kupitwa kwa neno moja.

Katika mji huo huo wa Calcutta ilikuwako shule nyingine ya Loreto, St Mary's ya Entally, ambako mtawa aliyekuja kujulikana duniani kote kama Mama Teresa alifundisha tangu 1931 mpaka 1948. Nyuma ya ukuta wa shule hiyo ulikuwa mtaa wa maskini uitwao Motijhil, na wasichana wa chama cha Bikira Maria shuleni walikuwa wakienda huko na hospitalini kuwazuru watu. Mama Teresa alipotoka kuanza kazi yake mpya, wa kwanza kumfuata mwaka wa 1949 alikuwa Subhasini Das, aliyekuwa mwanafunzi wake, na waliomfuata upesi baada yake walitoka miongoni mwa wanafunzi wale wale. Walikuwa wamekwisha kuijua njia ya kwenda Motijhil.

Turudi kwetu. Limuru ni nchi ya baridi na ukungu, kaskazini-magharibi ya Nairobi, nayo ndiko mti wa chai ulikopandwa mara ya kwanza katika Kenya, mwaka wa 1903. Hapo ipo shule ya sekondari ya wasichana ya Loreto. Tangu 1956 mpaka 1959 alisoma hapo msichana wa Nyeri, Wangari Muta, ambaye ulimwengu wamjua kwa jina la Wangari Maathai. Kabla ya hapo alisoma Mathari, Nyeri, katika shule ya St Cecilia ya masista wa Consolata. Wasomaji wajua yaliyofuata: alikwenda Marekani mwaka wa 1960 akasoma elimu ya viumbe, mwaka wa 1971 akapata shahada ya udaktari katika Nairobi, wa kwanza miongoni mwa wanawake wa Afrika Mashariki na ya Kati, mwaka wa 1977 akaanzisha kazi ya kupanda miti iitwayo Green Belt, na mwaka wa 2004 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Alifariki mwaka wa 2011.

Katika kitabu cha maisha yake, kilichotoka mwaka wa 2006, ameeleza jinsi alivyopenda sayansi. Hakutaja mtihani. Alimtaja mwalimu wake wa Limuru, Mama Teresia, aliyekuwa akimwita amsaidie kuosha mirija na visahani vya kioo vya maabara, na wakiosha walizungumza. Msomaji asiyepata kuingia katika maabara aweza kudhani hiyo ni kazi ya jikoni. Siyo. Kisahani cha kuoteshea vijidudu kikioshwa vibaya, kesho kitaotesha vya jana, nawe utaandika uongo ukidhani umeandika kweli. Mrija wenye tone la dawa ya jana utabadilisha rangi ya dawa ya leo. Basi aoshaye hujifunza mzizi wenyewe wa sayansi, yaani mashaka juu ya chombo chake. Tena hujifunza akiwa na mtu mzima ajuaye, bila hofu ya kuulizwa mbele ya watu arobaini. Kwa msichana mwenye haya, na wasichana wengi wetu wamelelewa kunyamaza mbele ya wakubwa, nusu saa ya karai la maji yaweza kuzaa maswali kuliko muhula mzima wa kunyosha mkono.

Huyo huyo Wangari, alipokuwa mwanafunzi chini ya masista, aliingia katika Lejio ya Maria. Chama hiki kilianzishwa na Frank Duff katika Dublin mwaka wa 1921, kikaenezwa katika Afrika Mashariki na Edel Quinn, aliyefika mwaka wa 1936 na kufa Nairobi mwaka wa 1944. (Asije mtu akakichanganya na kanisa lililotokea Nyanza katika miaka ya 1960 na kuchukua jina lifananalo.) Mimi sitaki kuzungumza juu ya sala zake, ambazo wenyewe wanazijua, nataka machifu na makarani watazame jinsi mkutano wake uendeshwavyo, kwani sijaona shule nzuri kuliko hiyo ya kuendesha shauri.

Kundi hukutana kila juma, siku ile ile na saa ile ile. Lina mwenyekiti, makamu, karani na mweka hazina, nao ni wasichana wenyewe au wamo katika wasichana. Karani husoma kumbukumbu za mkutano uliopita, na wote huulizwa kama ni sawa kabla hazijatiwa sahihi. Mweka hazina husoma hesabu. Kisha kila mmoja husimama kwa zamu yake na kueleza kazi aliyopewa juma lililopita: alikwenda wapi, na nani, maana huenda wawili wawili, alimkuta nani, ilikuwaje. Hasemi, "Tulifanya vizuri." Hueleza. Baadaye hupewa kazi nyingine, na karani huiandika, hata juma lijalo hakuna awezaye kusema alisahau. Na mfuko wa sadaka hupitishwa kwa siri: kila mmoja hutia mkono wake ndani, mwenye senti na asiye na kitu, ili asijulikane aliyetoa na aliyekosa.

Sasa tazama barazani kwetu. Ni mabaraza mangapi ambayo kumbukumbu zake hazisomwi? Ni vyama vingapi vya ushirika ambavyo mweka hazina wake husoma hesabu pale tu atakapo? Msichana wa miaka kumi na mitano aliyezoea kila juma kusikia hesabu ikisomwa mbele ya watu, akiolewa kijijini na kuingia katika chama cha akina mama, atauliza daftari liko wapi. Huenda hilo lisiwapendeze wote. Wangari Maathai alipoanza kazi ya miti alifanya kazi na vikundi vya wanawake wa mashambani, waliotunza vitalu, wakahesabu miche iliyoshika, wakalipwa kidogo kwa kila mche uliopona. Sisemi kwamba Lejio ndiyo iliyomfundisha hesabu ya miche. Nasema kwamba utaratibu wa kutoa habari za kazi yako mbele ya wenzio hauanzi ukubwani.

Katika shule hizi yako na mambo mengine, nayo nitayapita upesi kwa kuwa yajulikana: uimbaji, ambao katika Kenya umekuwa na mashindano yake tangu 1927, michezo ya kuigiza, mijadala, mpira wa pete, Girl Guides, na chama cha wanafunzi Wakristo kifuatacho njia ya Padre Cardijn wa Ubelgiji, ya kuona, kuamua na kutenda. Kila moja lina faida yake likiwa na mwalimu alipendaye. Likikosa mwalimu huyo, ni jina tu katika karatasi ya shule.

Lakini lazima niseme na juu ya yale yasiyofaa, ijapokuwa yanavaa nguo hiyo hiyo. Msichana atumwaye kuchota maji ya nyumba ya mwalimu, kumfulia, au kumlelea mtoto saa za mchana, hafundishwi nje ya darasa, anatumikishwa. Alama ya kuyapambanua ni rahisi: uliza kama yupo mtu amwelezaye msichana sababu ya kazi, na kama mwisho wa kazi ajua jambo asilolijua asubuhi. Mwalimu Nyerere alipoandika juu ya Elimu ya Kujitegemea mwaka wa 1967, alitaka shamba la shule liwe sehemu ya masomo, watoto wapime, wajaribu mbolea, waandike mavuno, waamue pamoja la kufanya na faida yake. Shule nyingi zilichukua jembe zikaacha daftari. Watoto wakalima, mazao yakaenda wasikokujua, na wazazi wakachukia kazi yote pamoja na fikira njema iliyokuwa ndani yake.

La pili lisilofaa ni safari za fahari. Shule yatangaza safari ya kwenda mbali, fedha kadhaa kwa kila mtoto. Wenye uwezo wapanda basi, na waliobaki wafagia uwanja. Safari ya namna hiyo hufundisha jambo moja kwa ufasaha sana, nalo si lile lililoandikwa katika barua ya mkuu. Kama wote hawawezi kwenda mbali, na waende karibu. Kwa shule ya Limuru kiwanda cha chai hakiko mbali, na humo mna elimu ya kemia ya kutosha muhula mzima: jani hunyaushwa, husagwa, huachwa libadilike rangi kwa hewa, hukaushwa kwa moto ili badiliko lisimame, kisha huchujwa kwa ukubwa. Msichana aliyeona jani la kijani likigeuka rangi ya shaba mbele ya macho yake hahitaji kukaririshwa kazi ya hewa. Na shule isiyo na kiwanda haikosi mhunzi, mfinyanzi, kinu cha kusaga, zahanati, au bibi mmoja ajuaye majina ya miti yote ya mlima. Katika hotuba yake ya Oslo mwaka wa 2004 Wangari Maathai hakuzungumzia majengo makubwa aliyoyaona ughaibuni. Alikumbuka kijito cha karibu na kwao alikotumwa maji utotoni, na mayai ya vyura aliyodhani ni shanga.

Neno kwa walimu wa shule ndogo za kutwa, ambao watasema kwamba mambo haya ni ya Loreto na mabweni yao. Shida yenu ni kubwa kuliko yao, kwa sababu msichana wa kutwa akitoka shule hana jioni. Ana maji, ana kuni, ana mdogo wake mgongoni. Ukimwambia abaki kwa mjadala mpaka saa kumi na moja, mama yake atalipa gharama ya mjadala huo. Basi yafaa kufanya kama Sealdah: jambo liwe ndani ya ratiba. Chukueni saa moja tu katika juma. Wasichana wa darasa la juu waende darasa la kwanza, kila mmoja apewe watoto wawili wasiojua kusoma bado, awe nao muhula mzima, na mwisho wa saa aandike mistari mitatu: nilifundisha nini, alishindwa wapi, juma lijalo nitajaribu nini. Haitaki fedha. Yataka mwalimu asomaye mistari hiyo mitatu.

Na kwa wale wawatoao wasichana nje ya lango, ile hofu ya tatu. Mzazi aambiwe mapema kwa barua, na asiyejua kusoma aendewe na mtu amweleze: siku gani, wapi, kwa kazi gani, watarudi saa ngapi. Asiyekubali asilazimishwe, wala mtoto wake asiadhibiwe. Wasitembee peke yao, bali wawili wawili au zaidi, na mtu mzima mwanamke awe karibu. Nyumba watakazoingia chifu au mzee wa mtaa azijue kwanza, na ile ambayo watu huinong'ona isiingiwe. Mwalimu awe na daftari, aandike ndani yake jina la kila atokaye, saa ya kutoka, mahali aendapo na mtu aliye pamoja naye. Na jioni, kabla kengele ya chakula haijapigwa, awaite tena mmoja mmoja kwa daftari lile lile.